Mlango Ambao Wikan Hakuujenga

Mguno ulitangulia. Mguno wa mwanamume mzima, mfupi, wa kifuani, kama wa mtu aliyetiwa kiwiko cha mbavu. Ukanyamaza, ukarudi. Kisha ukaja mfululizo, mguno juu ya mguno, hadi Bu Warsini akaacha tempe zake, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye karai, akafuta mikono kwenye gauni la nyumbani na kusogeza pazia la chumba cha mwanawe.

"Wikan, ni tumbo?"

"Si mimi, Bu."

"Nani basi anayeumwa humu ndani?"

"Seto."

Bu Warsini alitazama kitandani, akatazama nyuma ya kabati. Hakuona Seto.

"Yumo kwenye kompyuta," Wikan alisema bila kugeuka. "Ni sauti yake tu. Tuliirekodi zamani."

"Mwambie anywe tangawizi," mama akasema, akarudi jikoni upesi kwa sababu harufu ya kuungua ilikuwa imeshamfikia.

Siku nyingine Wikan angecheka, angempigia Seto simu amsimulie, na Seto angecheka kumzidi. Leo aliinamia skrini kama mtu anayesoma hukumu yake.

Mguno ule kila mchezaji wa gemu lao aliujua. Ukisimama mbele ya mlango ukabonyeza kitufe cha kufungulia, mlango unafunguka. Ukibonyeza mbele ya ukuta mtupu, mtu wako anaguna, na ukuta unabaki ukuta. Mtu aliyekuwa akiguna sasa alikuwa amesimama kwenye kiwanda cha sukari, mbele ya ukuta wa kusini wa ukumbi wa matanuri. Ukuta ule Wikan aliujenga kwa mkono wake, na hakuweka mlango.

Gemu lenyewe lilikuwa la zamani, la kupiga risasi, lile ambalo macho yako ndiyo macho ya mpiganaji na mbele yako unaona mikono na silaha tu. Lilitengenezwa ng'ambo kabla wao hawajazaliwa, na wenye nalo walishamruhusu yeyote alifumue na kulishona upya. Kwa miaka sita Wikan na Seto walikuwa wakilifumua. Majitu ya sayari za mbali waliyatoa, wakaweka mizuka ya kwao Java, wa kwanza akiwa pocong, maiti aliyefungwa sanda toka utosini hadi nyayoni, anayekujia kwa kurukaruka kwa kuwa miguu yake imefungwa pamoja. Bunduki waliitoa, wakaweka mzinga wa mwanzi, ule ambao watoto huulipua mwezi wa mfungo. Wakaliita Kampung Sirep, kijiji kilicholazwa kwa uganga. Seto alishika sauti na mizuka. Wikan alishika ramani, yaani majengo yote, ngazi, vichochoro na kila kona ambayo mzuka anaweza kukungojea. Lilikuwa litoke kwa mashabiki mkesha wa sikukuu ya uhuru, mwezi wa nane, na ramani ya kufungia kazi yote ilikuwa hiyo ya kiwanda cha sukari. Wikan aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu, na hakuona haya kulisema.

Kilichokuwa kikionekana kwenye skrini hakikuwa video. Gemu lile halirekodi picha, linarekodi vidole. Linahifadhi vitufe ulivyobonyeza, na ukitaka kutazama, linavibonyeza tena vilevile ndani ya ramani uliyonayo. Ramani ikiwa ileile, utaona mchezo uleule. Ikiwa imeguswa hata kidogo, mtu wako anakuwa kama kipofu aliyehamishiwa vitu nyumbani kwake, anajigonga na kupapasa pasipo na kitu.

Rekodi ilitoka kwa Kadal, mjaribu wao wa Banjarmasin, ambaye hawakuwahi kumwona uso lakini walimjua kwa vidole vyake. Kadal hakuwa mtu wa kugunia kuta. Na hapa alikuja moja kwa moja kwenye ukuta wa kusini, bila kusita, kama mtu anayeingia kwake, akabonyeza. Akaguna. Akaendelea kutembea papo hapo, pua kwenye tofali, akageuka kushoto kwa tahadhari kubwa, akalipua mzinga hewani, akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo. Pocong halisi alipomjia kwa nyuma, Kadal hakumtazama hata kidogo. Alikuwa akipigana kwa ushujaa na watu wa mahali pengine.

Basi mahali hapo pengine palikuwepo. Kulikuwa na kiwanda kingine duniani, kinachofanana na cha Wikan ukuta kwa ukuta, isipokuwa kule kusini kilikuwa na mlango.

Alihisi kile anachohisi mtu anayerudi nyumbani mapema akakuta kandambili ngeni kizingitini.

Simu ilitetemeka. Ni Kadal: "Samahani Mas, nimekosea mtu, hiyo ilikuwa iende kwa Mbak Ninuk." Ujumbe ukafutwa papo hapo, lakini Wikan alikuwa ameshausoma.

Mbak Ninuk. Alipaswa kujua kuwa ni huyo dada. Daktari wa meno wa Blitar, mama wa watoto wawili, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyejitokeza kwenye jukwaa lao la mtandaoni msimu wa mvua na ramani moja tu mkononi, ya chemchemi ya kuogea. Seto aliicheza, akanyamaza kutwa nzima, kisha akaandika: "Tunamchukua." Tunamchukua, si tumchukue? Na watu walivyoisifu ile chemchemi. Mmoja aliandika kwamba aliizima kompyuta akaenda kuwasha taa zote za nyumba, akaketi karibu na mkewe. Kuhusu ramani za Wikan wale wale waliandika: "Nzuri, ila ndefu." Maneno hayo mawili ya mwisho Wikan aliamka nayo, akala nayo, akaenda nayo kwenye duka la kuchapishia mabango alikofanya kazi. Ila ndefu. Mashine ilipokuwa ikitema bango la mita tano la harusi ya mtu, yeye aliliona limeandikwa hivyo.

Alichukua funguo za pikipiki. Mama aliuliza kama hali chakula. Alisema atakula akirudi.

*

Seto alikuwa kwenye uwanja wa kijiji kando ya Malang, juu ya lori, akifunga kamba mnara wa spika nyeusi uliopita paa la nyumba zote za pale. Kesho kulikuwa na maandamano ya shamrashamra, na kila mtaa ulikodi lori lake la spika ili uuzidi mtaa wa pili kelele. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha Seto. Masikio yake yalishachoka, lakini kwenye kompyuta yaliweza kutofautisha sanda ikiburuzwa kwenye saruji na sanda ikiburuzwa kwenye kigae.

"Umekula?" Seto aliuliza toka juu.

"Shuka."

"Nafunga kamba, we. Hizi zikidondoka zinamaliza ukoo."

"Shuka, Seto."

Seto akatazama uso wa mwenzake, akashuka. Dereva wa lori, Pak Gito, mzee mnene aliyekuwa amekalia kreti ya soda, alisogea kidogo kupisha kivuli, wala hakusogea mbali.

"Nani katoboa ukuta wangu?" Wikan aliuliza.

Seto alifungua mdomo, na wakati huohuo fundi mmoja akajaribu besi. Ardhi ilitikisika. Majani ya migomba yalichezacheza, vioo vya ofisi ya kijiji vikalia kama meno. Wikan aliona midomo ya Seto ikienda bila sauti, akajua kabisa kwamba jamaa anaongea kwa makusudi sasa hivi, ili awe ameshasema bila kusikika. Akamshika bega na kumpigia kelele sikioni.

"Toka lini wewe na huyo mwanamke mnafunguana mimi nisipokuwepo?"

Besi lilikatika kabla ya sentensi kwisha. Nusu ya uwanja ilisikia.

Pak Gito alikohoa. "Mas Seto, hii kesi ya mke au ya mume?"

"Ya mlango, Pak."

"Hata yangu ilianzia mlangoni."

Vijana waliokuwa wakimsaidia Seto kufunga kamba walicheka hadi mmoja akaketi chini. Wikan hakuwatazama. Masikio yalimwaka moto.

"Jibu," alisema, chini chini sasa.

"Ni toleo la kujaribia tu. Halijaenda kokote."

"Limeenda Banjarmasin."

"Kadal ni mjaribu wetu, Wik. Kazi yake ni kujaribu."

"Yeye ndiye alikuomba? Huyo daktari?"

Hapo Seto angeweza kudanganya, na Wikan alitamani sana adanganye. Seto alijipangusa mikono kwenye suruali kwanza.

"Hakuomba. Nilimwomba mimi."

Wikan alizungusha funguo za pikipiki kidoleni.

"Nilikwambia mara ngapi kwamba kule nyuma watu wanachoka?" Seto aliendelea. "Ukishapata ufunguo kwenye ofisi ya meneja, unarudi kiwanda kizima kwa njia uliyojia. Mizuka imeshakufa yote. Mtu anatembea tu. Na ulinijibu nini?"

"Kwamba wavivu wakacheze gemu za kupanga peremende."

"Basi. Ndiyo maana sikukuuliza tena."

"Ile safari ya kurudi ndiyo ramani yenyewe," Wikan alisema. "Ndipo mtu anasikia ukubwa wa kiwanda. Ndipo anaelewa kwamba wote wamekufa na amebaki peke yake. Hujawahi kunielewa pale, hata siku moja. Nilidhani unanielewa."

"Naelewa ukubwa. Naelewa na usingizi."

"Naondoa ramani yangu."

Vijana wa kamba waliacha kucheka, si kwa sababu walielewa, bali kwa namna Seto alivyosimama.

"Bila kiwanda hakuna mwisho," Seto alisema. "Tumetangaza. Watu wanahesabu. Hatuna kitu kingine cha kuweka pale."

"Mwambie mng'oa meno wako akung'olee mwisho."

"Acha zako, Wikan."

"Nani wangu, nani wako? Umeshachagua, si ndiyo? Mimi nachukua changu nakwenda."

Seto aliangalia spika zake kwa muda, kama mtu anayeomba ushauri kwa mtu mkubwa. Alipogeuka, hakuwa na hasira, na hilo lilimuudhi Wikan kuliko matusi.

"Mara ya mwisho umetembea kiwanda chako kwa miguu ni lini?"

"Nakijua kila tofali."

"Sijauliza kama unakijua. Nauliza kama umekitembea. Bila neno la mzuka."

Neno la mzuka lilikuwa herufi chache ambazo waliojenga gemu zamani walizificha ndani yake. Ukiziandika katikati ya mchezo, kuta zinageuka moshi, unapita popote. Wajenzi wote wa ramani walilitumia. Ukibadilisha taa kwenye chumba cha mwisho, nani ana muda wa kupambana na mizuka ya vyumba vyote ili aione? Unaandika neno, unapita ukutani, unafika.

"Sitaki mafunzo yako," Wikan alisema.

"Nakutumia toleo lake. Kesho baada ya magharibi tunapiga simu, watatu. Kama unaondoa, utaniambia mbele yake, na mimi nitaandika kwenye jukwaa kwamba Kampung Sirep imekufa. Sitakulaumu hadharani. Ila usilifute bila kulifungua, Wik. Ukifanya hivyo mimi na wewe tumemalizana, na si kwenye gemu tu."

Besi likapigwa tena. Wikan aliwasha pikipiki bila kuisikia ikiwaka.

*

Asubuhi ya Jumapili alikaa mbele ya kompyuta na kahawa, akiwa na nia moja tu, kumfunga Seto mdomo. Angetembea kiwanda chake kwa miguu mwanzo hadi mwisho, angejirekodi, na ile rekodi ingekuwa jibu. Tazama, nimetembea, sikuchoka. Hata toleo la yule mwanamke hakulifungua kwanza. Lisubiri.

Na mwanzo ulimpa raha. Geti lenye kutu, mzani wa malori, kisha mashine za kukamulia miwa, kubwa kuliko nyumba, na toka juu yake pocong wa kwanza akitumbukia. Wikan aliua akiwa anatabasamu. Alikuwa hodari kwenye kazi yake, nani abishe? Kwenye ngazi ya kwenda juu aliona jinsi alivyoweka mwanga wa dirisha ukikata sakafu, akasimama kuutazama kama mtu anayetazama jina lake limeandikwa vizuri. Huyo daktari angeweza hili? Chemchemi ni shimo la maji na miti. Mtu yeyote anaweza kutisha kwa shimo.

Aliingia ofisi ya meneja, akauchukua ufunguo, akageuka kurudi.

Ngazi. Ukumbi wa mashine, na maiti za pocong zimelala pale pale alipoziangusha. Ujia mrefu. Nyayo zake mwenyewe, ambazo Seto alizirekodi kwenye ghala tupu, zikigonga na kujibiwa. Huu ndio ukubwa, alijiambia. Sikia ukubwa. Ghala la magunia. Ujia wa pili. Alikumbuka kwamba kesho kuna mabango ya nyekundu na nyeupe ya ofisi tatu, na mashine inavuja wino mweusi. Akajikuna shingo. Akawaza kama mama bado ana tempe za jana. Ujia ulikuwa bado haujaisha. Ukumbi wa matanuri ulionekana kwa mbali.

Kisha akaona yuko nje.

Alikuwa amesimama katika utupu mweusi nyuma ya ukuta wa kusini, mahali ambapo hakuna mchezaji anayepaswa kufika, na ukutani nyuma yake hakukuwa na tundu. Alichukua muda kuelewa. Vidole vyake vilikuwa vimeandika neno la mzuka. Yeye hakuviamuru. Viliandika vyenyewe, kama mkono unaojikuna usingizini, na miguu ikapitia ukutani kwa njia yake ya siku zote. Aligeuka kutazama alipotokea. Ilikuwa kwenye tofali zilezile ambazo mtu wa Kadal alikuwa akizigunia jana.

Miaka miwili alikuwa akipita pale. Njia ilikuwepo, na yeye ndiye aliyeichonga kwa kuipita. Yule mwanamke hakufanya lolote ila kuweka mlango mahali ambapo mwenye nyumba anapenyea.

Alizima rekodi bila kuihifadhi. Kwa hasira tupu, sasa, akafungua toleo la Mbak Ninuk.

Alikwenda hadi ukuta wa kusini akitafuta kosa. Mlango ulikuwa wa chuma, mfupi, wenye kutu ya rangi ileile ya geti lake, na mistari ya tofali kuuzunguka ililingana kwa namna ambayo yeye mwenyewe, alipokuwa na haraka, hakuwa akijali. Aliinama kabisa kuangalia. Hakuweza kuona wapi aliishia yeye na wapi alianzia mwingine. Mtu akikuibia, angalau unajua kipi kimeibwa. Hapa hata hilo alinyimwa.

Akabonyeza. Hakuna aliyeguna. Mlango ulifunguka.

Kwa nje, badala ya ule utupu mweusi, kulikuwa na uwanja wa mabehewa ya miwa, umesogezwa hadi ukutani. Uwanja huo ulikuwa wake. Aliujenga mwaka juzi uonekane mara moja tu, kupitia dirisha la juu, safu za mabehewa madogo kwenye reli chini ya mwezi, na kwa kuwa ungetazamwa toka upande mmoja, aliyapa mabehewa nyuso bila migongo. Ukuta usiopakwa kitu kwenye gemu lile unatoa takataka, picha zinagandana na kuvutika kama kioo cha mlevi. Wikan alijua atakachokutana nacho akizunguka nyuma ya behewa la kwanza. Alikitamani. Alikwenda mbio kukiona.

Behewa lilikuwa na mgongo. Mbao zilizopasuka, bawaba, namba iliyofutika nusu, kamba ya miwa inayoning'inia. La pili lilikuwa na mgongo wake, tofauti na wa kwanza. Juu ya ubao wa la tatu kulikuwa na kipande cha muwa kilichotafunwa na kutemwa, kana kwamba mlinzi alikuwa hapa sasa hivi. Usiku ngapi yule mwanamke alikaa na haya? Alikaa na mabehewa yangu, alifikiri, aliyazunguka moja moja, akaona kila mahali nilipochoka.

Katikati ya safu ya pili alisimama pocong mmoja, mgongo kwake, hatikisiki. Wikan alilenga, kisha akashusha mzinga, kwa kuwa maiti yule alionekana kama sanamu. Akampita pembeni. Nyuma ya sikio lake la kushoto sanda ikaburuzwa kwenye kokoto.

Kiti kiligonga ukuta.

"Seto anaumwa tena?" Bu Warsini aliuliza toka jikoni.

Wikan alitazama nyuma yake. Alikuwa amesimama, spika za masikioni zimening'inia shingoni. Hakuwahi kuogopa kiwandani kwake, hata siku ya kwanza. Aliyeficha mizuka yote hawezi kushtushwa na wowote. Alifikiri hiyo ndiyo haki ya mjenzi, na sasa mtu wa mbali ameingia na kumpa kitu ambacho yeye hakuweza kujipa, hofu ya mahali pake mwenyewe. Alitaka kumshukuru na alitaka kumpiga. Zaidi ya yote alitaka kuwa yeye. Alitaka kuwa ndiye aliyeketi Blitar, kati ya mdomo wa mgonjwa mmoja na mwingine, akawaza hilo.

*

Baada ya magharibi simu iliunganishwa. Kwa Mbak Ninuk kulisikika watoto wakigombania kitu, kisha mlango ukafungwa na wakasikika kwa mbali. Kwa Seto kulisikika mvumo tu, masikio yake yalikuwa bado kwenye maandamano na alizungumza kwa sauti ya juu bila kujua.

"Dik Wikan," Mbak Ninuk alisema. Alimwita mdogo wangu toka siku ya kwanza, na toka siku ya kwanza lilimkera. "Nianze mimi. Nilikosea kutokukuuliza."

"Ndiyo," Wikan alisema.

"Mlango sikukosea."

Seto alicheka kidogo, akajifanya anakohoa. Kicheko kile Wikan alikijua. Kwa miaka sita kilikuwa chake peke yake, kilitoka yeye anapojibu kwa kiburi.

"Pocong wa safu ya pili," Wikan alisema. "Umemweka karibu mno na reli."

"Ulishtuka?"

Wikan alikisogeza kiti chake mbali na ukuta.

"Nauliza kitabibu tu," alisema Mbak Ninuk.

"Sauti ya sanda yake inaanza mapema. Ungeichelewesha kidogo. Mtu awe ameshapita kabisa, awe ameshasahau."

Kule Blitar kalamu ilisikika ikiandika. Wikan hakutarajia hilo. Alitarajia ubishi.

"Sawa," Mbak Ninuk alisema. "Hilo sikuliona. Na mimi nikuulize. Zile nyuso za mabehewa, mwanga wa mwezi juu yake, uliufanyaje? Nimejaribu wiki nzima kwenye chemchemi. Nimeng'oa meno ya watu nikiuwaza. Mgonjwa mmoja aliniuliza kwa nini nakasirika."

"Ndiyo maana ukajenga migongo?"

"Ndiyo maana. Nyuso sikuweza kuzigusa, nikasema basi niende kule ambako huyu kijana hayuko."

Wikan aliketi na hilo. Lilimpendeza, akajilazimisha lisimpendeze sana. Aliweza kumwona Seto bila kumwona, ameshika simu kwa mikono miwili, akingoja kusikia kama miaka sita inaishia hapa.

"Kiwanda hakiondoki," Wikan alisema. "Mlango unabaki."

Pumzi ya Seto ikasikika ikitoka, ndefu, kwenye simu.

"Ila majina yataandikwa. Kiwanda, Wikan. Mlango na migongo, Ninuk. Kwa herufi za ukubwa mmoja, Seto, nitapima. Na ile safari ya kurudi inabaki pia kwa anayetaka kutembea."

"Hakuna atakayetaka, Wik," Seto alisema.

"Inabaki."

"Inabaki," Mbak Ninuk akakubali. "Nitakuwa wa kwanza kuitembea."

"Utalala njiani, Mbak," Seto alimwambia, na wote wawili wakacheka, kwa urahisi, kama watu waliozoeana, na Wikan akasikia ile kandambili ngeni bado ipo kizingitini na haitaondoka. Hakucheka nao. Aliwaacha wamalize.

"Mbak," alisema.

"Ndiyo, Dik."

"Nakuahidi, na Seto ni shahidi. Ramani yangu ijayo utaizunguka kwa miguu yako, ukuta hadi ukuta, ukitafuta pa kutoboa mlango, na hutapapata."